Kushoto kwa Jua Lilipozama

Wazee walikuwa wamesimama nyuma ya maduka ya Woodbridge, huku ughaibuni, makoti yamefungwa mpaka kidevuni, tende za kufungulia bado mdomoni, wote wameinua nyuso kama kuku wanywao maji. Jua lilikuwa limezama sasa hivi. Ishirini na tisa ya Ramadhani, nani asiyetaka kuuona mwezi wa Mfunguo Mosi?

Mbele yao wote alikuwa Mzee Vuai. Huyo, jamani, kwao Mkokotoni, Unguja, alisifika kwa jicho kali. Mwezi haukuwa umeandama mpaka Vuai aseme umeandama. Bintiye Ummu alisimama nyuma yake na chupa ya chai mkononi, lakini moyo wake haukuwa mbinguni. Ulikuwa chuoni.

Ijumaa ndiyo ingekuwa mwisho wa kujiandikisha. Ummu alisomea uhasibu, na muhula uliopita alilazimika kuchukua darasa moja la sayansi. Akachagua elimu ya nyota kwa kuwa saa zake zilimfaa. Mwonja asali haonji mara moja. Sasa alitaka kuifanya somo lake dogo, la kulisindikiza lile kuu, na hilo lingemchelewesha kumaliza kwa nusu mwaka. Nusu mwaka zaidi baba yake apakue mizigo ghalani usiku na kuendesha teksi mchana!

"Nyota zitakupa kazi gani, mwanangu?" baba alimwuliza juzi wakifuturu, wala hakufoka. "Mshika mawili, moja humponyoka."

Kilichomuuma Ummu ni kwamba mzee alisema kweli. Tangu hapo alikwisha kata tamaa, akajiliwaza kwamba nyota hazikimbii.

"Ehe, Vuai, waona kitu?" aliuliza Bwana Nadir, muuza nyama, akipuliza vidole.

"Bado. Subirini. Utatokea papo hapo, juu ya jua lilipotua."

Ummu akafuata macho ya baba yake, akalitambua kosa. Mzee alikuwa akiutafuta mwezi wa Unguja! Kule jua hutua wima, na mwezi mchanga huandama juu yake, umelala chali kama bakuli. Huku jua hutua mshazari, na mwezi hukaa kando yake, upande wa kushoto. Lakini amsahihishe baba mbele za watu? Aliona haya. Kisha akamwona anafikicha macho kwa kiganja, akidhani yameanza kufa. Loo, hilo hakulistahimili.

Aliiweka chupa chini, akamshika mabega, akamgeuza taratibu.

"Kushoto, baba," alinong'ona. "Juu ya mnara wa maji. Usiutafute uliolala. Huku husimama."

Vuai alikaza macho. Kisha akapaza sauti:

"Allahu Akbar! Ule pale!"

Watu wakakumbatiana. Bwana Nadir akampiga mgongoni. "Jicho lako halizeeki, we mzee!"

"Jicho si langu," Vuai alisema. "La Ummu."

Waliingia garini. Baba alitia ufunguo, hakuwasha.

"Na wa Mfunguo Tatu?" aliuliza ghafla. "Mwezi wa Hija. Huo nao utakaaje?"

Ummu alijaribu kuupigia hesabu, ukamshinda.

"Sijui, baba. Darasani hatujafika huko."

Vuai aliwasha gari, akangoja ukungu utoke kwenye kioo.

"Basi fikeni," alisema.