Sekunde Kumi za Kimya

Kitu cha kwanza alichogundua Kimya ni kwamba cherehani ya shangazi yake ilikuwa ikishona bila mlio. Gurudumu lilizunguka, sindano ilipanda na kushuka, pindo la sare likasogea, lakini chumba kilitulia kama maji mtungini. Kimya akaitazama sampla, mashine ya kunasa na kukata sauti, pale mezani kwake. Mlio wa cherehani ulikuwa humo tangu asubuhi, kwenye kitufe cha tatu.

"Mwanangu, uzi ukikatika nitajuaje?" aliuliza shangazi.

Kimya akabonyeza kitufe. Cherehani ikalia kidogo, ikanyamaza.

"Haya, mradi ipo."

Kila kilichonaswa kilihamia kwenye sampla namna hiyo. Mlango ulifunguka bila kulia. Jirani yao seremala alipiga randa bila mkwaruzo, akasema afadhali, masikio nayo yapumzike.

Sampla ilikuwa kuukuu, na kumbukumbu yake ilibeba sekunde kumi tu. Kaka yake Kimya, aliyeitwa Profesa kwa sababu ya miwani na si zaidi, ndiye aliyeinunua.

"Hata chafya yangu haienei humu," alilalamika.

"Chafya yako ni hotuba," alisema shangazi.

Profesa akatoka kwenda kuazima mashine kubwa. Kimya alibaki akimtazama shangazi akipanga nguo za wateja. Gauni lisiloingia sandukuni shangazi hakulikata, alilikunja.

Basi Kimya naye akakunja. Alirekodi sauti kwenye kanda, akaicheza kanda mbio, sampla ikazinasa sauti zikiwa fupi na nyembamba. Zikishaingia, alizishusha kasi humo ndani mpaka zikarudia kimo chake cha kwanza. Zilirudi na mkwaruzo kidogo, kama kitambaa kipya ambacho hakijafuliwa, na mkwaruzo huo ukampendeza kuliko sauti zenyewe. Kanda ya cherehani ilipokwenda mbio, cherehani nayo ilikwenda mbio, na shangazi alimaliza sare za darasa zima kabla ya adhuhuri. Kisha Kimya akakata mikia ya sauti, akapanga vipande, mlango ukaitikia randa, randa ikaitikia cherehani. Mabega yake yakaanza kucheza yenyewe.

Ilibaki nafasi ya kupepesa jicho. Alifunga mlango, akasogeza mdomo kwenye kinasa sauti, akanong'ona maneno ambayo hakuwahi kumwambia mtu. Akayakunja mara mbili, yakaenea. Haya hakuyashusha. Aliyaacha membamba kama mlio wa nyenje, akayaweka mwisho wa kila mzunguko.

Profesa aliporudi mikono mitupu, mdundo ulikuwa tayari. Ukapata mwimbaji, ukafika redioni. Kwenye jalada la kanda iliandikwa: Mdundo, Profesa. Mtangazaji alipouliza ni nani fundi wa maajabu yale, Profesa alisema ni yeye.

"Jina langu ndilo wanalolijua," alimweleza dada yake wakati wa chakula. "Wewe hata watu unawaamkia kwa macho. Ukiulizwa utajibu nini?"

Kimya alifungua mdomo amjibu. Midomo ikacheza, sauti haikutoka. Maneno yale aliyoyanong'ona hayakuwa naye tena.

"Umeona?" alisema Profesa kwa upole, akamwongezea mboga.

Hata hivyo Kimya alianza kupita njia ndefu kwenda dukani. Kinyozi alikata nywele kwa mdundo wake. Watoto bombani waliupiga kwenye ndoo, na mwisho wa kila mzunguko walilia kama nyenje. Yeye aliyezoea kuhesabu vidole vyake vya miguu alipita katikati ya barabara, shingo juu, kama mwenye mtaa.

Jioni moja betri za redio ya shangazi zilichoka. Kanda ya mdundo iliyokuwa ikipigwa humo ikaanza kujikokota.

"Zibadilisheni hizo," alisema Profesa.

"Ziache," alisema shangazi, akauma uzi.

Profesa akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati. Jalada lilikuwa mezani, na jina lilikuwa lile lile. Mdundo ukazidi kuwa mzito, ule mlio wa nyenje ukanyooka polepole kama gauni litolewalo sandukuni, na sauti ya msichana asiyemwogopa mtu ikajaza chumba:

"Mdundo huu nimeutengeneza mimi."