Mwisho wa "Fungua, Winnie"

Trevor Pargeter alipofariki, kaka yake, Clive, aliendelea kula mkate wake. Simu ilimkuta mezani. Akasikiliza, akashukuru, akakata, akamalizia na chai. Aliungoja uchungu uje, nao haukuja. Mwili mzima ulikuwa umeingia ganzi, kama mguu uliolaliwa.

Alipokwenda mjini Dudley kumpa pole Maureen, mjane wa Trevor, hakukuta machozi. Alikuta kazi.

"Shemeji, watapiga ule wimbo wenu siku ya kuuchoma mwili wake," Maureen akasema. "Lakini sitaki uishie vile."

"Vile vipi?"

"Sauti inafifia, inafifia, kama mtu anayeondoka bila kuaga. Trevor aliuchukia mwisho ule, na wewe unajua. Nitafutie mwisho wenyewe."

"Uko kwenye kanda ya mwaka sabini na tatu, Maureen. Kama panya hawajaila."

"Basi kawaombe hao panya."

Dunia nzima iliujua "Fungua, Winnie". Watu walioana kwa wimbo ule na wengine wakaachana nao ukipigwa. Wote walidhani Winnie ni kimwana aliyemtesa kijana wa watu. Thubutu! Winnie alikuwa mama yao. Aliwafungia nje alfajiri moja ya baridi kwa kuchelewa kurudi kutoka baa walikopiga muziki. Trevor akambembeleza kwa gitaa chini ya dirisha, Clive akashika mdundo kwenye pipa la taka, mpaka majirani wakawatupia viazi. Bendi yao, Coldwick, iliporekodi wimbo huo, kampuni iliipunguza sauti taratibu mwishoni ili watangazaji wa redio wapate pa kuongelea. Kwenye santuri Trevor yuko mlangoni mpaka leo, anabisha hodi.

Panya walikuwa na huruma. Fundi wa sauti, binti aitwaye Kirsty, aliipata kanda nzima ghalani, akamketisha Clive studio na kuiwasha. Wimbo ukapita pale ambapo dunia huuacha. Ngoma za Clive zikapanda, gitaa likapiga mara ya mwisho, likanyamaza. Mwisho mzuri, wa kiume. Kisha ikasikika sauti ya Trevor, kijana, bado anahema.

"Nimepatia, kaka?"

Kiti kikaburutwa. Mlango ukafungwa. Basi.

"Hakuna aliyemjibu," Kirsty akasema.

"Nilikuwa nimeshatoka. Nilifuata chai."

Trevor alikuwa akiuliza swali lile tangu walipokuwa wakipiga makopo uani, na kila mara Clive alimjibu, "Si mbaya." Watu wa kwao ni wachoyo wa sifa, na mtu akikwambia si mbaya, amekupa vyote alivyo navyo. Lakini baada ya wimbo ule Trevor hakuuliza tena. Miaka yote Clive alidhani umaarufu ulimpanda kichwani, naye akakaza shingo, akanyamaza. Sasa alijua kwamba mdogo wake aliuliza, akajibiwa na mlango.

Alingoja tena uchungu. Wapi.

"Nikate kabla hajasema, mzee?" Kirsty akauliza. "Watu watashtuka."

"Iache."

Siku ya mazishi ukumbi wa kuchomea maiti ulijaa wazee waliobakiwa na nywele ndefu pembeni tu. Wimbo ukapigwa na pazia likaanza kujivuta polepole kulificha jeneza. Pale pa kufifia watu wakainamisha vichwa, lakini sauti haikufifia. Wakaviinua tena, wakatazamana. Gitaa likapiga mara ya mwisho.

"Nimepatia, kaka?"

Maureen akageuka kumtazama Clive. Na wengine wote wakageuka. Ganzi ilikuwa imemfika ulimini. Pazia lilikuwa limebakiza upenyo wa kupitisha mkono.

Clive akashika kiti cha mbele, akasimama.

"Si mbaya," akasema. Ilitoka kavu, akairudia. "Si mbaya, mdogo wangu."

Pazia likafungwa. Clive akaketi, na hapo ndipo ilipoanza kuuma, kama kiungo kinavyouma ganzi ikitoka.