Kabla Thekla Hajalitamka Jina

...kumi na nne, kumi na tano, mkono unaniuma hadi begani lakini siachi, pweza lazima apigwe mara arobaini juu ya jiwe, si thelathini na tisa, ndivyo wasemavyo watu wa bandarini, na mimi ni mtu wa juu, wa kijiji cha mlimani, kwetu tunajua mbuzi na jibini, lakini kumi na sita hii hapa, paa! maji yameruka hadi kwenye aproni ya mama mkwe, naye amejifuta tu, maana yake nimepiga vizuri, mwaka jana alininyang'anya pweza akasema, "Lete hapa, unambembeleza, huyu si mtoto," na leo kaniachia, kakaa kwenye kiti chake cha kamba, kakunja mikono, anatazama minyiri ya pweza inavyoanza kulegea, na mimi najua kwamba anatazama, kumi na saba, na ndani yangu kuna kitu kinachekelea peke yake, kidogo, kama mtu aliyeficha peremende mdomoni... "Bibi harusi!" anaita Pagona, jirani, kutoka kwenye ngazi ya mlango wake anakopara samaki, "angalia usije ukamkamua, hana maziwa huyo!" na wote watatu wanacheka, Pagona na mama mkwe na Thekla, na mimi nacheka pia, kichwa chini, ndivyo nilivyo, nacheka mzaha wa juu yangu kabla sijajua kama umenichoma, mwaka wa tatu sasa nimeolewa na mwana wao na bado ni bibi harusi, nadhani nitazeeka bibi harusi, kumi na nane... Binti yangu amelala begani kwa Thekla, mdomo wazi, mate yanamlowesha blauzi, miezi minane na hana jina, tunamwita mtoto, basi, mtoto kala, mtoto kalia, kwa sababu huku jina haliji mpaka siku ya maji, na siku ya maji ni Jumapili hii, pweza huyu ni wa karamu yake, atatundikwa juani leo, na Thekla, binamu yake mume wangu, ndiye mama wa ubatizo, ndiye atakayesimama mbele ya padri na kulitamka jina, na akishalitamka limetoka, halirudi, hata askofu hawezi kulirudisha... na sasa Thekla anamtikisatikisa mtoto na kuuliza, si mimi anayeniuliza, anamuuliza mama mkwe, "Shangazi, padri akinigeukia nitamke Kaliroi, siyo?" na mama mkwe, ambaye ndiye Kaliroi mwenyewe, anasema, "Sasa lipi lingine?" kama mtu aliyeulizwa kama bahari ina chumvi.

Kumi na tisa, napiga, nimepiga kwa nguvu mno, Pagona kageuka... lipi lingine, kuna lingine, lipo kooni kwangu tangu nilipojua nina mimba, Anezina, jina la mama yangu, kwetu juu binti wa kwanza huchukua jina la mama wa mama yake na ndiye huja kurithi nyumba yake, lakini huku chini huchukua la mama wa baba, vijiji viwili vya kisiwa kimoja, basi moja la dakika ishirini, na sheria mbili, na katikati nimesimama mimi na pweza... Jina Kaliroi si baya, siwezi kusema ni baya, lakini kaka wawili wa mume wangu wameshazaa Kaliroi kila mmoja, Kaliroi Mkubwa na Kaliroi Mdogo, ukiita Kaliroi kwenye ua huu wanageuka watatu, na wa kwanza kugeuka ni bibi yao, na mama yangu hana mwana mwingine, ni mimi tu, nikinyamaza jina lake linaishia kwake... ishirini... na aliwahi kunyamaza yeye, hilo ndilo linaloniuma kuliko mkono, baba yangu naye alikuwa mtu wa bandarini, na siku ya ubatizo wangu mama alikaa ukutani nje ya kanisa, mama mzazi haingii mpaka jina limeshatamkwa, watoto ndio hukimbia kumletea habari naye huwapa peremende, na wakaja wakikimbia, "Evdokia! Evdokia!" jina la mama wa baba yangu, ambalo hakuna aliyemuuliza kama analitaka, akawapa peremende, akalia, na watu wakasema tazama anavyolia kwa furaha... alinisimulia mara moja tu, akichuja jibini, amenipa mgongo, na alipomaliza akasema nifunge dirisha, mbu wanaingia. Na leo asubuhi kanipandisha kwenye basi na jibini mbili za kuwaletea, na kupitia dirishani kaniambia, "Usigombane nao kwa ajili yangu," na mtu hasemi hivyo ila kama kuna la kugombania... ishirini na moja, ishirini na mbili...

Niseme, nimwambie Nikitas aseme, nilishamwambia, usiku mmoja aliniambia, "Mimi nalipenda jina lolote, lakini kwa mama siwezi, zungumza naye wewe," mume wangu, mtu anayetoka na mashua upepo ukiwa umeshang'oa vigae, yuko kule gatini sasa hivi anaipaka rangi, mgongo wake mwekundu kwa jua, na mama yake nilipomgusia kidogo wakati wa Pasaka alisema, "Zungumza na Nikitas," nikawa kama ndoo ya kisimani, huyu ananishusha, yule ananipandisha, na mimi nikasema ndiyo mama, ndiyo Nikitas, na sasa ni Alhamisi... Na kile kitambaa kwenye kamba, nakiona kila nikiinua mkono, cheupe, cha kitani, ndicho atakachofungwa mtoto akitoka majini, mama mkwe kakitarizi mwenyewe kwa uzi wa buluu, herufi K, kubwa, yenye maua miguuni, kaifanya majira yote ya baridi kwa macho yale yanayotoka machozi, hakuuliza mtu, kwake halikuwa swali... ishirini na ngapi, nimepoteza hesabu, nimepoteza hesabu kabisa, na Thekla anasema, "Kaliroi, Kaliroi wangu mdogo-mdogo," sikioni mwa mtoto, anafanya mazoezi, na mtoto anakunja uso usingizini, na nasikia sauti, kubwa, inagonga ukuta wa ghala la nyavu na kurudi, inasema, "Anezina!" na Pagona kisu kimesimama juu ya samaki, na Thekla ananitazama, na mama mkwe kafungua mikono aliyoikunja, na ni mimi, ni mimi niliyesema, pweza bado ananing'inia mkononi mwangu anadondosha maji... "Nini?" anasema mama mkwe. Ningeweza kusema "si kitu", neno "si kitu" liko tayari mdomoni, limezoea njia, lakini lile lingine limeshapita na mlango uko wazi, nasema, "Mtoto wangu ataitwa Anezina, mama. Jina la mama yangu." "Na kitambaa?" anasema, hasemi "Na mimi je?", anasema "Na kitambaa?", na mimi naelewa kwamba ndivyo anavyosema "Na mimi je?", nasema, "Uzi hufumuliwa, mama. Nitaufumua mimi mwenyewe, na maua nitayaacha." Nilitegemea kwamba atapiga kelele, hapigi kelele, kelele ningejua la kuifanyia, anasema polepole, "Mwanangu mmemchukua akaishi juu na mbuzi. Nyumba ya mtoto iko juu. Nilitaka angalau jina libaki huku chini," na macho yake yanatoka maji, lakini yake hutoka kila siku, sijui, na ni ajabu, namwonea huruma na sirudi nyuma, sikujua kwamba vitu hivyo viwili vinakaa nyumba moja, nasema, "Jina la juu, mama, mkono wa chini. Kila kiangazi namleta, wewe ndiye utamfundisha pweza na kuogelea. Mimi sitamfundisha, mimi nakamua." Na Pagona, hawezi kukaa bila kusema, Pagona atasema hata kaburini, anasema, "Anezina? Mbuzi wa kaka yangu ndivyo anavyoitwa!" na kicheko kinaanza kunijia, kile cha kichwa chini, nakizuia, naangalia usoni mwake, magamba yanamng'aa kwenye nyusi, nasema, "Basi kaka yako anajua kuchagua jina, bibi Pagona. Wewe paka wako unamwita Paka," na Thekla kapasuka, anacheka mpaka mtoto anaruka begani, na Pagona mwenyewe anacheka, anajipiga paja kwa mkono wenye matumbo ya samaki, na mama mkwe, loo, mama mkwe kona moja ya mdomo imempanda, imepanda na ameishusha haraka lakini nimeiona, na hawanicheki mimi, wanacheka nilichosema, miaka mitatu sikujua kwamba kuna tofauti ya namna hii, kama ya maji ya kisima na maji ya bahari... "Thekla," anasema mama mkwe, hanitazami, "litamke nisikie kama ulimi wako unaliweza. Usije ukatuaibisha mbele ya padri." Na Thekla anasema, "Anezina," taratibu, mara ya kwanza limesemwa juu ya kichwa kile, na mtoto wangu hakuamka, kajisogeza tu, kaweka mkono wake shingoni kwa Thekla kama aliyesikia mtu anayemjua akipita... na mama mkwe kainama, kambonyeza pweza kwa kidole gumba, katikati ya minyiri, anasema, "Bado mgumu huyu. Piga," na mimi napiga, paa, jiwe lilelile, jua lilelile, sijui ni ya ngapi na siulizi, povu jeupe linatoka, mkono mwepesi, ningeweza kuwapiga pweza wa bahari nzima, na kule gatini Nikitas bado kainua kichwa, brashi mkononi, inadondosha buluu juu ya kiatu chake, anatafuta ni nani aliyelipaza lile jina, anatazama mlango wa Pagona, halafu mama yake, halafu Thekla, anarudi tena kwa Pagona, hajui bado kwamba ni mimi.