Mirija Mitano Juu ya Injini

Siku tuliyokwenda Malaba kuchukua pikapu, fundi Dancan alikuwa ameiosha mpaka tairi zikang'aa. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Fundi aliyeifunga injini vizuri hana haja ya kupaka tairi mafuta.

Pikapu ile ndiyo duka la mke wangu, Akiteng. Huijaza mihogo mikavu hapa kwetu Amagoro, akaishusha Port Victoria, akarudi na omena, dagaa wa ziwani. Ilipoanza kunywa oili kuliko petroli, tulikubaliana na Dancan aifungue injini yote: pistoni mpya, ringi mpya, bering mpya. Akiba ya Akiteng iliishia humo, ikabaki salio tu la kumalizia. Na sheria ya gereji zile hata mbuzi wa Malaba wanaijua: gari likishatoka getini, maneno yamekwisha. Likikufia mbele, lia na wa kwenu.

Dancan alileta gunia, akalimwaga chini. Kwetu ndivyo fundi anavyojitetea: anakumwagia vyuma vya zamani uvione, kama mchinjaji anavyokuonyesha kichwa cha mbuzi ili usidhani umeuziwa mbwa.

"Mzee wangu, tazama mwenyewe. Pistoni hizo hapo, ringi hizo, bering hizo. Zote zilikuwa zimekwisha. Mama, lete salio twende kazi."

"Washa kwanza," nikamwambia.

Akawasha. Ilinguruma vizuri, sikatai. Moshi hakuna. Lakini chini ya ule mngurumo nikasikia ko, ko, ko, kama mgeni mwenye aibu anayebisha mlango wa wakwe.

"Inagonga," nikasema.

"Hiyo ni tapeti tu, mzee, kile chuma cha kusukuma valvu. Ikipata joto itanyamaza. Injini mpya ni bibi harusi, lazima ilie kidogo."

Akiteng alikuwa ameshaingiza mkono kwenye pochi. Akanigeukia. "Baba Apeduno, umesikia kweli, au ni kama ile greda yako?"

Vijana wa gereji wakacheka. Ile greda wanaijua. Niliiendesha kutoka Port Victoria hadi Amagoro kwa gia ya nyuma, kwa sababu gia za mbele zilikuwa zimekwenda likizo, na mpaka leo watu hawaamini. Shida ya kuwa na maisha makubwa ni hiyo: siku ukisema jambo dogo, unaulizwa shahidi.

"Nipe dakika," nikasema, nikavuka barabara.

Ng'ambo ya gereji kuna nyumba ya ajono, pombe yetu ya wimbi. Wenzangu walikuwa wameketi kuuzunguka mtungi, kila mmoja na mrija wake mrefu. Mrija wa ajono hauazimwi, ni kama mswaki. Nikachomoa wangu, nikaondoka nao bila kusema neno. Sasa, mzee akiondoka mtungini na mrija wake wakati pombe bado ipo, ni dalili ya ugomvi. Okiria, Elungat na wengine wawili wakainuka, nao na mirija yao, wakanifuata.

Niliweka ncha ya mrija kwenye ubavu wa injini, ncha nyingine sikioni. Silinda ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu, ko! Karibu inivunje jino.

"Njooni msikilize," nikawaambia.

Basi hebu fikiria: wazee watano wameizunguka injini, mirija mitano imeingia chini ya boneti, vichwa vimeinama kama tuko mtungini. Madereva wa trela waliokuwa kwenye foleni ya mpaka wakashuka kutazama.

"Ya tatu," akasema Elungat.

"Ya tatu," akasema Okiria. "Na hii haina hata povu."

"Tapeti, wazee," Dancan akasema, lakini sauti imepungua.

"Kama ni tapeti, haijali moto wa plagi," nikasema. "Chomoa waya wa plagi ya tatu."

Akachomoa. Injini ikayumba, na ule mlio ukafa. Akarudisha waya: ko, ko, ko. Tapeti haigongi hivyo. Hiyo ni bering ya konrodi, ule mkono unaoshika pistoni.

Wakafungua sampu, bakuli la oili chini ya injini. Bering tatu zilikuwa zinang'aa kama meno ya mtoto. Ya silinda ya tatu ilikuwa nyeusi, ya zamani, imekwanguka.

"Bering zilizovuka kutoka upande wa pili wa mpaka zilipungua moja," Dancan akasema, akitazama viatu. "Nikaona hii bado ina nguvu."

"Ila bei ilikuwa ya zote," akasema Akiteng, akafunga pochi. "Weka mpya. Salio utalipata Amagoro, ukiwa umekaa nyuma juu ya mzigo wangu."

"Mama, hiyo si sheria ya gereji."

"Okiria," Akiteng akaita kwa upole, "hebu sikiliza na lile gari jeupe pale."

Okiria akainua mrija. Mwenye gari jeupe akasogea. Wenye magari mengine pia wakasogea.

"Boss! Wazee! Mama!" Dancan akaruka katikati. "Naweka mpya! Napanda nyuma!"

Mchana huohuo, bering mpya ikiwa imeletwa na kufungwa, tulipanda kuelekea Amagoro, mihogo mikavu tuliyonunua njiani ikiwa nyuma, Dancan na wazee juu yake wakiimba, Akiteng kwenye usukani. Kwenye mwinuko alikanyaga mafuta, na pikapu ikapita trela moja, mbili, kumi. Dereva mmoja alivua kofia. Injini iliimba wimbo mmoja tu, bila kikohozi.

Tulipofika Amagoro Akiteng akasimama, akafungua boneti, akasikiliza kwa sikio lake mwenyewe. Halafu akatoa salio, akakata bei ya bering ile iwe faini, akampa Dancan. Naye fundi hakuthubutu kulihesabu.

"Shukeni nyote," akasema. "Baba Apeduno, hata wewe. Port Victoria ni mbali, nami nataka kufika na mwanga."

Tukashuka. Akapiga honi mara moja, akatuacha kwenye vumbi, fundi na wazee watano, tukishangilia kama waliofunga bao.