Uwanja Niliosema Hauna Watoto

Bwana Amolo wa ofisi ya mipango alifika kwetu Huruma mwaka wa sabini na nane, ramani kwapani. Serikali ilitaka kujua watu hupumzikia wapi na watoto huchezea wapi, nchi nzima, ili sehemu hizo zitengwe zisijengwe. Alinikuta mlangoni nikichambua maharagwe. Nilikuwa nimetoka maombi, kitambaa cha chama cha akina mama bado kichwani.

"Mama, ule uwanja wa nyuma, watoto huchezea pale?"

Chama chetu kilikuwa kimeuombea uwanja ule miaka miwili. Kila Ijumaa tuliuzunguka mara saba tukiimba, tupate pa kujenga kanisa. Nikaona Mungu amejibu.

"Hapana," nikasema. "Ni majani na takataka tu."

Jirani yangu Batulo, aliyekuwa akianika nguo, akacheka. "Majani? Mama Njoki, juzi mpira si ulivunja kioo chako?"

Amolo alitutazama sote wawili, kisha akatazama kitambaa changu. "Mama wa kanisa hawezi kunidanganya." Akaandika. Nikamwacha aandike.

Baada ya miezi sita ramani ilibandikwa kwa chifu. Uwanja ulipakwa kijivu: ardhi isiyotumika. Kanisa halikupewa. Alipewa mtu wa kujenga maghala, na watoto wakahamia barabarani kunakopita malori. Malalamiko yangepokelewa wiki moja tu.

Nilimweleza Teresiah, mwenyekiti wetu; akaniambia, "Ukikiri utaaibisha chama. Nyamaza, uombe."

Niliomba siku tatu, maneno hayakutoka. Siku ya nne nikabisha kwa Batulo.

"Mama Yonis, nisindikize kwa chifu. Nikienda peke yangu nitageuka njiani."

"Leo ndio wanitaka? Siku ile uliniacha nionekane mwongo mbele ya mgeni."

"Najua. Nisamehe."

Akavuta shuka yake. "Tembea basi, kabla hawajafunga."

Kwa chifu tulimkuta Amolo akipokea malalamiko; akanipa karatasi. Niliandika polepole, herufi zangu za darasa la nne: Mimi Warigia nilisema uongo. Watoto hucheza pale kila siku.

"Lazima malalamiko yasomwe mbele ya watu," akasema, na akayasoma kwa sauti. Kwenye foleni walikuwepo wawili wa chama chetu. Mmoja akainamisha kichwa; mwingine akanikazia macho.

"Wakubwa ndio wataamua," Amolo akasema. "Sikuahidi kitu, mama."

Nikatia sahihi.