Mawe ya Upande wa Chini

Nina hasira za karibu, sifichi. Rodrick aliponipigia simu asubuhi ya Alhamisi na kuniambia nimeharibu kazi ya wiki tatu, nilimrukia kabla hajamaliza sentensi.

"Umeharibu wewe! Mimi mawe nayajua. Nimezaliwa kwenye mawe."

Rodrick ndiye kiongozi wa kikundi chetu, Mchaga mmoja mpole mpaka anakera. Kazi yenyewe ni hii: kuna roboti inatembea Mars, kando ya shimo dogo lililochimbwa na kimondo, shimo changa kwa hesabu za huko. Inapiga picha za mawe, nasi tunagawiwa. Mimi zangu nazipokea chumbani kwangu mjini, Olasiti. Kila jiwe nalipa namba, naliangalia, kisha naandika lilifikaje pale: lilikuwepo tangu zamani, lililetwa na maji ya kale, au lilirushwa kimondo kilipopiga.

"Namelok, dada yangu," alisema, "mawe yote ishirini na sita ya upande wa chini umeandika yaliletwa na maji. Yote! Kimondo kilirusha mawe upande mmoja tu?"

"Mteremko ni mteremko, Rodrick."

"Fungua namba kumi na tisa. Liangalie vizuri, halafu unitukane."

Nilifungua ili nipate pa kumtukania. Mawe ya zamani ya pale upepo umeyasugua hadi kona zimelainika, na mchanga umejikusanya nyuma yake. Jiwe namba kumi na tisa halikuwa na mchanga wowote. Kona zake zilikuwa kali kama za kokoto iliyovunjwa jana. Na hatua moja kutoka pale, upande wa shimo, udongo ulikuwa umebonyea: jiwe lilitua hapo kwanza, likadunda, ndipo likatulia. Maji hayadundishi jiwe.

Niliyapitia na mengine. Ishirini na mawili yalikuwa hivyohivyo. Loo, Namelok! Sikuwa nimeyaangalia vizuri. Niliangalia mteremko, nikaandika. Sisi tuliokulia ubavuni mwa Mlima Meru ndivyo tulivyo: jiwe likionekana chini, limeshuka na mvua, basi, hakuna maswali. Kila masika yanashuka, kila masika tunayabeba hadi mpakani mwa shamba.

Hapo nikamkumbuka mama yangu.

Wiki mbili kabla, machimbo ya kokoto yaliyo juu ya shamba letu Olmotonyi yalilipua baruti mchana bila kupiga king'ora. Mama yangu, Silantoi, alikuwa anapalilia maharage. Alisema mawe yalianguka shambani, moja likampita karibu na sikio. Jioni ikanyesha mvua kubwa, na Dismasi, msimamizi wa machimbo, akasema mawe hayo yameletwa na mvua. Mkutano wa kijiji ukaitwa. Mwenyekiti, mzee Ephraimu, akafurahi: mtoto wa mlalamikaji si ndiye mtaalamu wa mawe? Akaniuliza mbele ya watu.

"Ni ya mvua," nilisema. "Yeyo ameshtuka tu."

Sikuwa nimekanyaga shambani. Nilikuwa na haraka ya kurudi kwenye picha zangu. Dismasi alinipigia makofi. Yeyo, ndivyo ninavyomwita mama, alijifunga shuka yake vizuri akaondoka. Malalamiko yakafungwa. Baruti ikaendelea kulipuliwa bila onyo, naye akaendelea kulima palepale.

Jumamosi nilipanda Olmotonyi.

"Shikamoo, Yeyo."

"Marahaba." Hakuniuliza habari za mjini.

"Naomba nikayaone mawe."

"Yapo."

Yalikuwepo kweli, kila moja mahali pake, katikati ya maharage. Alikuwa amepalilia kuyazunguka. Mkulima gani wa kwetu anaacha mawe shambani wiki mbili?

"Mbona hukuyatoa, Yeyo?"

"Ningeyatoa, ungekuja kuangalia nini?"

Nilipiga magoti. Niliinua la kwanza: chini yake majani ya maharage yalibanwa yakakauka bapa, juu ya udongo uleule wa shamba, bila tope wala changarawe. Mvua ingetandaza tope kwanza. Kona zilikuwa kali, na hatua moja upande wa machimbo palikuwa na kishimo. Nililia palepale, mtu mzima mimi. Yeyo alisimama pembeni akinitazama, hakunibembeleza.

Jumatatu mkutano ulikaa tena. Nilisimama nikasema nilikosea, mawe yalirushwa na baruti. Dismasi alicheka hadi akashika tumbo.

"Juzi ulisema mvua, leo baruti. Keshokutwa utasema yametoka Mars?"

Watu wakaangua kicheko. Mzee Ephraimu alikuna kichwa. Nilimwona anafunga daftari lake, na nilijua likifungwa safari hii halitafunguliwa mpaka mtu abebwe maiti. Hasira zilinipanda hadi kooni. Nikazimeza. Sijui nilizimezaje.

"Usiniamini," nilimwambia Dismasi. "Una haki. Siku ile nilisema bila kuinama. Mwenyekiti, naomba twende shambani, na wewe mwenyewe uinue jiwe lolote unalotaka."

Tukaenda. Mzee Ephraimu alichagua kubwa, akainama kwa taabu, akaliinua. Akaangalia majani yaliyobanwa. Akainua la pili, la tatu. Kisha akamwita Dismasi ainue la nne, na Dismasi akasema anaona inatosha. Pale pale ikaandikwa: hakuna baruti bila king'ora, na siku ya kulipua watu wote wa chini wapewe taarifa mapema.

Watu walipoondoka tulibaki wawili. Nilianza kubeba mawe kuyapeleka mpakani, naye akaniacha nibebe peke yangu.

"Hayo mawe yako ya huko mbali," Yeyo aliuliza, "uliyaangalia mara ngapi?"

"Mara mbili, Yeyo. Mara ya pili ndipo nilipogundua nimekosea."

"Na siku ile kwenye mkutano, ya kwangu ulikuwa umeyaangalia mara ngapi?"

Nilikuwa nimekumbatia jiwe kifuani. Sikuwa na pa kuuficha uso.

"Hata mara moja, Yeyo."