Shimo la Nyuma ya Wodi ya Wanawake

Mzibua mitaro alipiga magoti kwenye ukingo wa shimo la maji machafu la hospitali, akateremsha kopo lenye kamba. Harufu ikampiga usoni. Miaka kumi na minne alikuwa ameilaani harufu hiyo. Leo aliomba iwe kali zaidi.

Nyuma ya dirisha la tatu kutoka pale alikuwa amelala mke wake. Wiki ya kumi na moja sasa, kidonda cha upasuaji pajani kinatoa usaha, homa haishuki, na kila sindano iliyojaribiwa imegonga mwamba. Dada wa maabara ndiye aliyepata wazo. Alimweleza kwamba ndani ya uchafu ule mna virusi vidogo mno, havimdhuru mtu, kazi yao ni kula bakteria tu. Mume akachota, dada akavichuja, akaviweka kwenye kisahani chenye bakteria wa kidonda cha mama yule. Kesho yake kisahani kilikuwa na madoa meupe. Bakteria wameliwa!

"Dawa ya mkeo hii hapa, kaka. Imebaki saini ya Mganga Mkuu."

Saini! Wiki mbili Mganga Mkuu alikuwa akisema dawa ya chooni haipiti bila kamati, na kamati haijakaa. Kisha mama mzazi wa mkubwa mmoja, ghorofa ya juu, akapata kidonda chenye bakteria walewale. Kamati ikakaa siku hiyohiyo. Chupa zote zikapandishwa juu, pamoja na visahani. Jana bibi yule alikuwa anagombana na wauguzi kwa sababu ya redio.

"Niletee maji mapya," dada wa maabara alimnong'oneza. "Nianze upya kimyakimya. Siku tatu tu."

Kopo lilikuwa halijagusa maji aliposikia viatu. Msimamizi wa usafi alitua ndoo mbili za klorini.

"Wageni wanafika saa nne kuangalia dawa yetu. Shimo linatuaibisha. Mwaga."

"Bosi, nipe dakika moja nichote kidogo."

"Maji hayo sasa ni ya utafiti. Hayachotwi bila barua."

"Lakini klorini itaviua vyote!"

"Vitu gani?"

"Hivyo virusi. Si ndiyo dawa yenyewe?"

Msimamizi akacheka mpaka akashika kiuno. "Umeanza udaktari lini wewe? Mwaga, au vua koti uliache hapa."

Koti hilo ndilo lililompatia mkewe kitanda, maana bila mtu wa kazini wangemtoa siku ileile. Mzibua mitaro alivuta kamba, kopo likapanda tupu. Akainua ndoo ya kwanza. Macho yalimwasha, akamwaga. Akamwaga na ya pili, huku moyoni akimtukana msimamizi, Mganga Mkuu, na zaidi ya wote mikono yake mwenyewe.

Saa nne wageni walisimama palepale, hakuna aliyeziba pua. Mganga Mkuu akawaambia kwamba hazina ile ilichotwa hapahapa, na mtu aliyeichota ni huyu. Wakampa chupa ya kioo aishike kwa ajili ya picha. Walikuwa wameijaza maji ya bomba, wageni wasije wakachefuka.

"Tabasamu basi, mzee," mpiga picha alisema. "Si umeokoa maisha ya mtu?"

Dirisha la tatu likafunguliwa kwa kishindo. Mama mkwe wake alitoa kichwa, kitenge kimemwanguka begani.

"Mkwe wangu! Njoo upesi! Namwita, haitiki!"

Alitaka kukimbia. Mkono wa msimamizi ukambana kiwiko.

"Usigeuke," mpiga picha alisema. "Inua chupa, ipate mwanga."

Akainua. Jua lilipita ndani ya maji, meupe, safi kabisa, hayana hata mdudu mmoja.